Wimbo Mkuu Uimbwe na Nani?

Katika kila mchezo wa kuigiza wenye nyimbo huwa pana mahali pamoja ambapo hadithi yote hugeuka. Kabla ya hapo wahusika wanaingia na kutoka, wanasema, wanacheza, wanagombana. Wafikapo hapo maneno ya kawaida hayatoshi tena; ngoma inapunguza mshindo, na mtu mmoja anatoka mbele kuimba. Wimbo huo ndio nguzo ya mchezo. Swali ninalokusudia kulichunguza katika makala hii ni hili: mtu huyo mmoja awe nani?

Walimu wengi tunaotayarisha wanafunzi kwa ajili ya mashindano hulichukua swali hili kuwa la ufundi tu. Tunatazama nani ana sauti, nani hatatetemeka mbele ya waamuzi, basi tumemaliza. Mimi naona kwamba chini ya ufundi huo limo swali la haki. Kumpa mhusika wimbo mkuu ni kumpa idhini ya kulisemea jambo zima lililotokea, na kumpa mmoja ni kuwanyima wengine. Mzee wa baraza anapoamua nani asimame kutoa ushahidi, hakuna anayesema kwamba hilo ni jambo la mpangilio wa viti. Na jukwaa nalo ni baraza.

Kwamba mwimbaji huubadilisha wimbo ni jambo linaloonekana kwa mifano. Katika mchezo wa Kimarekani uitwao The Sound of Music, ulioanza kuonyeshwa mwaka 1959, wimbo wa kuvihesabu vitu vipendwavyo huimbwa na msichana Maria pamoja na mkuu wa watawa, ndani ya nyumba ya watawa. Filamu ya mchezo huo ilipotoka mwaka 1965, Maria aliwaimbia wimbo huohuo watoto walioogopa radi usiku. Maneno ni yaleyale na mahadhi ni yaleyale, lakini wa kwanza ni wimbo wa msichana anayeukumbuka utoto wake, na wa pili ni wimbo wa mlezi anayeondoa hofu. Kinywa kimebadilika, na maana imebadilika nacho.

Hapa kwetu mfano ni mzito zaidi. Mwaka 1977 marehemu Ngugi wa Thiong'o alitoa riwaya ya Kiingereza, Petals of Blood, yenye lawama kali juu ya dhuluma katika Kenya huru. Riwaya hiyo ilizinduliwa kwa heshima mwezi Julai, na mwandishi akabaki huru. Miezi michache baadaye wakulima na wafanyakazi wa Kamiriithu, karibu na Limuru, waliigiza na kuimba kwa Kigikuyu mchezo wa Ngaahika Ndeenda, alioutunga pamoja na Ngugi wa Mirii. Mwezi Novemba kibali cha mchezo kiliondolewa, na mwisho wa Desemba mwandishi akatiwa kizuizini. Lawama kwa sehemu kubwa ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni lugha na vinywa vilivyoitoa. Basi wenye mamlaka nao walikuwa wamelijibu swali letu kwa namna yao: walijua kwamba si mamoja nani anaimba.

Sasa na tulitazame swali hili katika mchezo mmoja, ili tusiseme hewani. Lumino ni mji mdogo wa wilaya ya Busia, upande wa Uganda, kwenye barabara itokayo Busia kwenda Majanji ziwani. Zamani sehemu hizi zilihesabiwa katika wilaya ya Tororo. Busia ilipata kuwa wilaya peke yake mwaka 1997. Wasamia, ambao ni wenyeji wa huku, wako pande zote mbili za mpaka. Ukiuvuka mto Sio unakuta ukoo uleule na lugha ileile, ila serikali ni nyingine. Mwaka 1902 Waingereza waliliondoa lile lililokuwa Jimbo la Mashariki la Uganda wakalitia katika himaya yao nyingine, ambayo ndiyo Kenya ya leo. Hivyo ndivyo mpaka ulivyokuja kupita katikati ya watu wa nyumba moja.

Wanafunzi wa shule moja ya huku walitunga mchezo wa nyimbo juu ya miaka ya magendo, nami nikawa miongoni mwa walimu walioombwa kuketi nao. Habari yenyewe wazee wanaijua. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia, biashara ikavunjika, na sukari, chumvi na sabuni zikaadimika. Kisha baridi kali ya mwezi Julai 1975 iliteketeza mibuni ya Brazili, na bei ya kahawa ulimwenguni ikapanda mno. Mkulima wa Uganda alilipwa bei ndogo, kwa fedha isiyonunua kitu. Ng'ambo ya mpaka kahawa hiyohiyo ilileta fedha nzuri. Magunia yakawa yanavuka usiku, kwa vichwa, kwa baiskeli na kwa mitumbwi.

Katika mchezo wa wanafunzi hao tajiri mmoja anamtuma kijana kuvusha kahawa kwa njia ya maji. Mpiga kasia ni mtu mzima, jirani wa mama wa kijana. Mtumbwi umejazwa kupita kiasi. Katikati ya maji taa za askari wa doria zinawaka, mtumbwi unayumba na kuanza kuingia maji. Ingefaa magunia yatupwe. Mpiga kasia hayatupi, kwa kuwa anajua atalipishwa. Asubuhi magunia yamefika, kijana hakufika. Ufukoni wanakutana mama, mpiga kasia, tajiri na wanakijiji. Hapo ndipo wimbo mkuu unapohitajika, na hapo ndipo majadiliano yalipoanza.

Jibu la kwanza lilikuwa la sauti. Binti aliyeigiza sehemu ya mama alikuwa na sauti ya ajabu, na wengi walisema wimbo ni wake, mambo yameisha. Hoja hii ina nguvu yake, maana wimbo usiosikika haumfai mtu. Lakini anayeitetea anachanganya mambo mawili: uwezo wa mwigizaji na haki ya mhusika. Tukienda kwa sauti tu, basi kila mwaka ukweli wa mchezo utategemea nani amejiandikisha katika kidato cha tatu.

Jibu la pili lilikuwa la cheo: wimbo mkuu aimbe mhusika mkuu. Lakini fasihi yetu wenyewe inatufundisha kwamba ukuu wa mhusika na kazi ya kuufikisha wimbo ni vitu viwili. Tumkumbuke Fumo Liyongo kifungoni, kama alivyosimuliwa katika utenzi wa Muhamadi Kijumwa wa mwaka 1913. Shujaa ni Liyongo na mtungaji wa ujumbe ni Liyongo, lakini aliyeuchukua ujumbe huo wa mashairi hadi kwa mama yake ni Saada, kijakazi. Walinzi hawakufahamu kilichokuwa kikipita mbele yao. Mama akaoka mkate wa wishwa wenye tupa ndani yake, na ngoma ya gungu ikafunika mlio wa tupa ikikata minyororo. Kinywa kidogo kilibeba neno lililoamua kila kitu. Aliyezoea kugawa nyimbo kwa vyeo angemwacha Saada nje ya jukwaa.

Jibu la tatu likawa la wote: na tuimbe pamoja, kama ilivyo desturi ya ngoma zetu, mmoja aongoze na wengine waitikie. Mimi naipenda desturi hiyo, na sitaki mtu aidharau. Hata hivyo katika mchezo huu wanakijiji wote walijua magendo, na wengi walinufaika nayo. Wote wakilia kwa pamoja, hakuna anayeulizwa. Kilio cha wote kinaweza kuwa pazia la kumficha mmoja.

Likabaki jibu la nne, ambalo lilikuwa gumu kulipinga: wimbo ni wa mwenye uchungu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nani angethubutu kumnyang'anya mama wimbo wa kumlilia mwanawe? Watu watalia, na machozi ya watazamaji si kitu cha kubezwa.

Siku moja mama mmoja mzee wa jirani, aliyefiwa na mwanawe majini katika miaka hiyo, alikuja kutazama mazoezi. Binti yule aliimba, na kwa kweli aliimba vizuri. Alipomaliza wanafunzi walimwendea mgeni wao kwa adabu wakamwuliza, "Mama, umeonaje?" Yeye akajibu kwa Kisamia, bila ya kupandisha sauti: "Wajukuu zangu, mmeimba vyema. Lakini mimi siku ile sikuimba. Nilikaa chini. Mwanangu alikuwa na mtu usiku ule. Mwulizeni huyo."

Maneno haya yalinionyesha mahali hoja ya uchungu inapokatikia. Kuujua uchungu si kulijua tukio. Mama anajua alichopotewa nacho kuliko mtu mwingine yeyote, lakini hajui kilichotokea majini. Zaidi ya hayo, mwenye msiba ana haki ya kunyamaza. Tunapomlazimisha aimbe ili sisi tupate kulia, tunamtumia. Tunatoka tukiwa tumejisikia wema kwa sababu tumemhurumia, na hakuna aliyeulizwa kitu. Kimya chake, akiwa ameketi mchangani mbele ya magunia makavu, chaonekana na kila mtu. Hakihitaji wimbo ili kieleweke.

Basi napendekeza kanuni hii. Wimbo mkuu apewe yule ambaye akinyamaza, ukweli wa mchezo unazikwa pamoja na kimya chake. Tumchukue kila mhusika, tumnyamazishe kwa fikira zetu, kisha tutazame ni kitu gani kimepotea. Mama akinyamaza, uchungu wake bado tunauona. Tajiri akinyamaza, uchoyo wake tumekwisha kuuona katika kupakia magunia. Wanakijiji wakinyamaza, kimya chao ni ushahidi juu yao. Mpiga kasia akinyamaza, hakuna mtu duniani atakayejua kwamba palikuwa na dakika moja ambayo magunia yangaliweza kutupwa, na kijana akaishi. Wimbo ni wake.

Kanuni hii isichukuliwe kuwa ni kusema kwamba wimbo daima ni wa mtenda kosa. Mwaka 1973 huko New York mtungaji Stephen Sondheim alikuwa akitayarisha mchezo wa nyimbo, A Little Night Music. Karibu na mwisho mwanamume mmoja, Fredrik, anamweleza mwanamke ampendaye, Desirée, kwamba hawezi kumwacha mke wake kijana. Sondheim alidhani kwamba wimbo wa hapo ni wa Fredrik, kwa kuwa yeye ndiye anayetenda. Mwongozaji, Hal Prince, alimwonyesha kwamba unaweza kuwa wa Desirée. Ukapewa Desirée, nao ndio "Send in the Clowns", wimbo uliopata kuwa mashuhuri kuliko mchezo wenyewe. Kwa nini ilifaa hivyo? Kwa maoni yangu ni kwa sababu Fredrik alikuwa amekwisha kujieleza kwa maneno ya kawaida. Desirée ni mwigizaji mzoefu wa kucheka na kujificha; asingeimba yeye, tusingejua kamwe kilicho chini ya kicheko chake. Huko aliyepigwa ndiye aliyekuwa na siri. Kwetu mwenye siri ni aliyeshika kasia. Kanuni ni moja.

Na pengine wenye kujua wote wamefungwa vinywa. Hapo mwimbaji wa nje huwa na haki ya kuuchukua wimbo. Hayo ndiyo tuyaonayo katika taarabu ya Siti binti Saad, ambaye nyimbo zake zilianza kutiwa katika sahani za santuri huko Bombay mwaka 1928. Wimbo wake unaojulikana kwa jina la "Kijiti" unahusu mwanamke mgeni aliyeuawa Unguja. Mwuaji akatoroka, na wanawake waliotoa ushahidi wakageuziwa hukumu wao. Marehemu hakuweza kusema, na mashahidi waliposema waliadhibiwa. Siti angenyamaza, jambo lile lingefia katika daftari la mahakama. Akaimba, na watu wakalijua.

Najua pingamizi litakalotolewa. Watu watasema: mnampa mkosaji wimbo mzuri kuliko wote, na uzuri humsafisha mtu. Mtazamaji atatoka akimpenda mpiga kasia na kumsahau kijana. Pingamizi hili si dogo. Wimbo una hila; humpamba amwimbaye na humpamba auimbaye. Jibu langu ni kwamba hatari hiyo haiondolewi kwa kumnyamazisha mwenye kujua. Huondolewa kwa namna wimbo unavyotungwa. Wimbo wa mpiga kasia useme alichofanya, gunia kwa gunia, na usiombe huruma. Usiwe na kiitikio cha msamaha, maana msamaha si mali ya waitikiaji. Wanafunzi wenyewe walipata njia nzuri ya kumalizia: mama anainuka, analichukua lile kasia mkononi mwa mpiga kasia, anakwenda nalo, hasemi neno. Kama amesamehe au hakusamehe, hilo ni lake. Mchezo haukumpokonya.

Likabaki tatizo la sauti. Kijana aliyekuwa mpiga kasia hakuwa mwimbaji. Pumzi yake ilikuwa fupi, na akilazimishwa kuvuta sauti ilimkatika. Walikuwako waliotaka aondolewe mahali pake. Lakini mfano wa Sondheim unatusaidia hapa pia. Glynis Johns, mwigizaji aliyekuwa Desirée, hakuwa na sauti ya kushikilia noti ndefu. Mtungaji hakumtafuta mwingine. Aliutunga wimbo kwa vipande vifupi vilivyotosha pumzi ya mwimbaji wake, na ufupi huo ukawa ndio uzuri wake. Kwetu mishororo ilikatwa hivyo hivyo, kila mmoja ukawa na urefu wa mvuto mmoja wa kasia, na baina ya mishororo pakawa na kimya cha mtu anayevuta pumzi. Udhaifu wa kijana ukageuka kuwa uchovu wa mpiga kasia. Heri kuufuatisha wimbo na mwenye haki kuliko kuifuatisha haki na mwenye sauti.

Nimalizie kwa jambo linalotuhusu sisi walimu wa Kiswahili hasa: lugha ya wimbo huo. Mchezo ulikuwa na Kisamia na Kiswahili. Walikuwako waliodhani Kiswahili kitumiwe katika nyimbo za furaha tu, ili kipendwe. Mimi nilisema, na bado nasema, kwamba mpiga kasia aungame kwa Kiswahili. Ndiyo lugha aliyonunulia na kuuzia ng'ambo, na ndiyo lugha aliyoogopea askari. Katika Uganda ya miaka ile watu wengi walikijua Kiswahili kuwa lugha ya kambi na bunduki, na kumbukumbu hiyo imekicheleweshea mapenzi ya raia. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikipa nafasi ya lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kiwe somo la lazima shuleni. Hayo ni mema. Lakini sheria haifuti kumbukumbu ya mzee aliyeamriwa kulala chini kwa Kiswahili. Lugha hiyohiyo ikisimama mbele yake na kukiri kosa, huenda ikaanza kupata heshima ambayo sheria haiwezi kuipa.

Kwa hiyo, ndugu mwalimu, utakapoketi na wanafunzi wako kugawa nyimbo, usianze kwa kuwauliza nani anaimba vizuri. Waulize kwanza: katika hadithi hii, ni nani anayejua jambo ambalo wengine wote hawalijui? Ana sababu gani ya kulificha? Akilificha, ni nani atakayeumia? Majibu yao yatakuonyesha mwimbaji, na tena yatawafundisha kwamba kusema na kunyamaza ni matendo, kila moja na dhima yake. Wengi wao hawatapanda jukwaani tena maishani. Lakini kila mmoja wao siku moja atakuwa shahidi wa jambo fulani, nyumbani, kazini au njiani, na itampasa aamue kama wimbo ule ni wake.